Kanzu Iliyokataa Kuzama

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguliwa leo kwa mvua na mwalimu mpya wa sayansi. Mvua ni afadhali. Mwalimu anaitwa Kiarie na alisomea Historia na Dini. Nadhani huko juu walionelea kwamba gredi ya nane inaweza kufundishwa na yeyote anayejua kushika chaki. Ameingia na simu, amesoma kwenye simu, ametuambia tunakili. Kate, ninayeketi naye, amemwuliza nguvu ni nini. Akajibu, "Ni kitu kinachosukuma ama kuvuta. Haya, twende mbele." Kate akaandika. Kate huandika chochote.

Naandika haya kwa sababu nyumba yetu hapa Kaloleni ina watu wawili, mimi na Dani, na Dani siku hizi anazungumza na Mungu tu. Dani ni nyanya yangu, mama ya mama. Mama yuko kazini Qatar na hupiga simu Jumamosi kuuliza kama nimekula.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Sukuma wiki. Hakuna lingine.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mama Frankline amekuja na kanzu.

Lazima nieleze, maana hata mimi nikisoma haya baadaye nitadhani nilitunga. Dani amejiunga na Kanisa la Mlango Mwembamba, lile la mabati nyuma ya nyumba za reli. Alibatizwa akiwa mtoto, lakini kwa kunyunyiziwa, na hawa wanasema hayo ni kunawa uso. Kwao ni lazima uzame mzima. Hata ncha ya kidole ikibaki nje, unarudiwa, na mwisho ni mara tatu. Tangi lao la ubatizo ni la saruji, lina ngazi, na hujazwa na maji ya mvua kutoka kwenye paa, kwa sababu maji ya mfereji hayaji na ya kununua ni ghali. Kwa hivyo mbingu hufunguka mwezi wa nne mpaka wa sita. Ukikosa, ngoja Novemba.

Dani ana miaka sabini na minane na moyo ambao daktari akiusikiliza hukunja uso. Hataki kungoja Novemba. Babu alipokufa hakuwa mshirika wa kanisa lolote, na tulimzika bila mchungaji wala wimbo hata mmoja. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka sauti ya sepetu tu. Dani anasema yeye hatazikwa kwa sepetu tu. Kanisa hili huzika waliobatizwa humo, na huimba mpaka kaburi lijae. Hicho ndicho anachotaka.

Kanzu zao za zamani hazimtoshi, Dani ni mfupi na mnene. Kwa hivyo Mama Frankline, mwenyekiti wa akina mama na fundi wa nguo mwenye duka mtaa wa Tena, amemshonea mpya. Amejisifu kwa nusu saa. Ina bitana ili mwili usionekane ikilowa. Ina lastiki shingoni, lastiki mikononi, na lastiki kwenye vifundo vya miguu ili isipande. "Hata upepo haupiti hapa, Mama Adhiambo," alisema, akimwita Dani kwa jina la mama yangu na kuvuta mishono. Dani alimshukuru kama aliyeletewa gari.

Jumapili, 4 Mei

Sijawahi kuona watu wazima wakiwa wajinga kwa pamoja na kwa sauti kubwa hivi.

Walibatizwa wanane. Saba walishuka na kupanda kama miswaki kwenye kikombe. Dani alikuwa wa mwisho. Akashuka ngazi, maji yakamfika kifuani, na kanzu mpya ikamvimba kote, tumboni, mgongoni, mikononi. Ilifura kama andazi. Pasta Maingi akamshika shingo kwa nyuma, akatamka maneno yake, akamlaza chali. Kichwa kilizama. Tumbo lilibaki juu, jeupe, linang'aa.

"Tena," akasema Pasta.

Mara ya pili alimsukuma kwa mkono kifuani. Kifua kikashuka, miguu ikapanda. Mara ya tatu akaita mashemasi wawili. Mmoja akasukuma magoti, mwingine tumbo, na Dani akawaponyoka akazunguka mzima, kanzu na yeye, akaja juu akikohoa na kushika hewa kwa vidole. Watoto waliokaa ukutani walicheka. Mimi sikucheka. Nilitamani kuuvunja ule ukuta.

Ndipo Mama Frankline akasema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani: "Maji yanamkataa. Kuna kitu hajakitoa."

Na wote, watu wanaopanga foleni benki na kujua bei ya kila kitu, wakaitikia, "Bwana asifiwe."

Pasta akamwambia Dani aende akajichunguze, atubu alichoficha, ndipo waone. Tulitembea nyumbani, yeye amelowa, mimi nimebeba viatu vyake. Tulipofika mlangoni alisimama. "Winny, nyakwara," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "ni nini nimeficha?" Aliniuliza kwa dhati. Alikuwa ananingoja nijibu.

Jumatatu, 5 Mei

Kwenye mfereji wanawake wawili walinyamaza nilipofika. Mfereji wenyewe hauna maji. Walikuwa wamekuja kunyamaza tu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua usiku kucha. Dani ameanza kutubu. Jioni ya maombi amesimama akakiri kwamba aliiba kuku wa jirani alipokuwa msichana. Wakamwuliza kama ni hayo tu. Akakiri uongo. Wakamwuliza kama ni hayo tu.

Jumatano, 14 Mei

Leo Dani ametubu kumchukia mke mwenzake. Babu hakuwahi kuoa mke wa pili. Nyanya yangu anaomba msamaha kwa kumchukia mtu ambaye hayupo, na Mama Frankline ameketi mstari wa mbele anatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba anamjua huyo mwanamke.

Nilipomwuliza njiani, Dani alisema, "Dhambi zangu zimeisha, mtoto. Nifanyeje?"

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu Kiarie amefika kwenye vitu vinavyoelea na kamba zinazovuta. Akachora taa inayoning'inia darini: uzito unaelekea chini, kamba inavuta juu. Sawa. Kisha akachora chupa tupu iliyofungwa kifuniko, imezamishwa ndani ya beseni, imefungwa kwa uzi kwenye jiwe lililo chini. Maji yanasukuma chupa juu. Akachora uzi nao unavuta chupa juu.

Nikainua mkono. "Mwalimu, kama maji yanaisukuma juu na uzi unaivuta juu, mbona chupa haijafika kwenye paa?"

Darasa likacheka. Akatazama simu. "Winny, kamba huvuta juu. Iko hapa."

"Basi simu yako haijawahi kuona beseni."

Akanitoa nje. Nilisimama kwenye veranda na kutazama mvua, na sikujuta hata kidogo.

Ijumaa, 16 Mei

Kiarie ameleta beseni. Na chupa, uzi na jiwe, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Nilidhani anataka kunifedhehesha. Akafunga kila kitu kama kwenye mchoro, akajaza maji, akaniita mbele. Chupa ilikuwa inajivuta juu, na uzi ulikuwa umekazika wima kati yake na jiwe. Akanipa wembe. Nilipokata, chupa iliruka ikanirushia maji usoni.

Kiarie akaenda ubaoni, akafuta mshale wake wa jana kwa kiganja, akauchora upya ukielekea chini. "Nilikuwa nimekosea," akasema. "Uzi unaizuia isipande. Kamba huvuta kuelekea kule ilikofungwa." Hakuna mwalimu aliyewahi kukiri mbele yangu kwamba amekosea. Nilikosa la kumdharau nalo kwa dakika nzima.

Kisha akaifunga tena, na safari hii akafungua kifuniko chini ya maji. Hewa ikatoka bloku bloku, maji yakaingia, uzi ukalegea, chupa ikalala chini. Chupa ni ileile. Kilichotoka ni hewa. Kitu kikijaa hewa kinachukua nafasi kubwa ya maji, na maji yanakisukuma juu kwa uzito wa yale yaliyoondolewa.

Kate akanigonga kiwiko. "Niaje Winny, mbona umetoa macho hivyo?"

Nilikuwa namwona Dani. Shingoni lastiki, mikononi lastiki, miguuni lastiki. Hata upepo haupiti. Walimvalisha chupa iliyofungwa, wakaishangaa ilipoelea, wakamwambia atubu.

Jumamosi, 17 Mei

Nilipeleka kanzu shuleni. Kiarie huwa huko Jumamosi kusahihisha, maskini hana pengine pa kwenda. Tuliifunga shingo, tukaitumbukiza ndani ya pipa la maji ya mvua chini ya mfereji wa paa. Mimi na yeye tulisukuma kwa mikono minne, na haikuenda. Kiarie akacheka mpaka miwani ikaanguka ndani. "Hii ingemfanya hata mwalimu mkuu aelee," akasema. Ni mtu wa kawaida tu, kumbe.

Jumapili, 18 Mei

Nimewaambia.

Baada ya ibada akina mama huketi kwenye benchi, wanakunywa chai na kuwasengenya wasiokuwapo. Nilisimama mbele yao na kanzu mkononi. Nikasema, "Dani hana dhambi. Ana hewa." Nikawaonyesha lastiki moja moja. Nilieleza vizuri, vizuri kuliko kitabu. Kama ningeishia hapo.

Mama Frankline akasema, "Mtoto wa gredi ya nane anatufundisha mambo ya rohoni?"

"Si ya rohoni, Mama Frankline. Ni ya gredi ya nane. Hata Kate ameyaelewa." Nikacheka. "Mmeshona puto mkaliita kanzu, halafu mkamlazimisha mwanamke mzee kutubu upepo. Hata huyo mke mwenza hajawahi kuwapo!"

Nilizipenda sana sentensi hizo. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi njiani.

Pasta Maingi alikuwa ametoka mlangoni. Alisikia yote. Akasema hawezi kubatiza mtu ambaye nyumba yake inacheka madhabahu, na kwamba jina la Dani linaondolewa msimu huu. Mama Frankline alikuwa ametazama chini, kwenye kikombe. Nilidhani ni hila.

Dani alinishika mkono tukaondoka. Nyumbani aliketi kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Dani, niliwaambia ukweli."

"Nimesikia ukweli. Nakuuliza hivi, ulikuwa unanitetea mimi, ama ulikuwa unawashinda wao?"

Nilimjibu kwamba ni kitu kimoja. 

Jumatatu, 19 Mei

Dani hasemi nami. Amepika, amepakua, amegeukia ukuta.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Jua.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Nilipita nyuma ya kanisa. Maji ya tangi yameshuka chini ya ngazi ya pili, na kuna mdudu anatembea juu yake. Mdudu yule ana akili kuliko baraza zima la kanisa, lakini sikumwambia mtu. Siku ya Pentekoste, tarehe nane, ndio ubatizo wa mwisho.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Dani alilala mchana kutwa na mkono juu ya kifua. Nilimwuliza kama kunauma. Akasema, "Kidogo," neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki mbili. Baadaye akaniuliza, akitazama dari, kama mtu anaweza kuzikwa kwa nyimbo za redio.

Nilitoka nje nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeenda mtaa wa Tena baada ya shule, kanzu ndani ya mkoba. Duka la Mama Frankline ni mlango mmoja, cherehani moja, na sare za shule zimetundikwa mpaka darini. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Umekuja kunifundisha tena?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa sababu ulikosea?"

"Hapana, mama. Kwa sababu nilicheka."

Cherehani ikasimama. Akashika mkasi, nikadhani atanirushia. Kisha akasema, "Keti basi, usisimame kama askari wa kanjo aliyekuja kufunga duka."

Akaniambia kwa nini aliweka lastiki miguuni. Miaka ya nyuma dada yake mdogo alibatizwa palepale. Kanzu ilikuwa nyepesi, haikubana, akilazwa ikapanda mpaka kifuani, na ukutani walijaa wavulana. Walicheka. Mpaka leo dada yake hajakanyaga kanisa lolote. "Niliapa hakuna mwanamke atakayechekwa tena kwenye lile tangi," akasema. "Nikashona ile ya nyanya yako. Sasa wakamcheka yeye."

Nimekuwa nikimwita mjinga tangu Mei. Alikuwa na sababu, na ilikuwa nzuri kuliko zangu nyingi. Ningependa zaidi kama angekuwa mjinga tu, ingekuwa rahisi.

"Lakini ulisema maji yanamkataa," nikasema.

"Nilisema." Akavunja uzi kwa meno. "Niliona ile kanzu imefura, nikajua ni mkono wangu. Mtu akiogopa kulaumiwa husema lolote. Haya, niambie. Hiyo hewa inatakiwa itokee wapi?"

"Juu. Hewa hupanda. Lastiki ya miguuni ibaki imebana, kanzu isipande. Ya shingoni ilegee."

Akaitandaza kanzu mezani. Akafumua lastiki ya shingo na za mikono, akang'oa bitana ya mgongoni, akatoboa vitundu chini ya kola na kuvizungushia uzi kama vya viatu. Hakuniuliza tena. Alikuwa mbele yangu kwa kila kitu, akisema peke yake, "Na hapa begani, na hapa." Mimi nilishika taa ya simu.

"Na Pasta?" nikauliza.

"Maingi niachie mimi," akasema. Sasa najua ni nani katika kanisa lile anayeogopwa kuliko Shetani.

Ijumaa, 6 Juni

Jina limerudi. Dani amenikaza tai ya shule asubuhi mpaka nikakohoa. Nadhani ni msamaha.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Jana ilinyesha mara moja, kubwa, tangi likapata kiasi.

Nilimwambia Dani ashuke polepole na asimame mpaka kanzu ilowe. Alisimama. Mapovu yalitoka shingoni bloku bloku, watoto wakaanza kucheka ukutani, na Mama Frankline akageuka akawatazama. Walinyamaza wote. Kanzu ikamshika mwili, ikatulia, miguuni haikupanda hata kidogo.

Pasta akamlaza. Kanzu ikashuka. Uso wa Dani ukabaki juu, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa. Mara ya pili, kifua chake kilirudi juu, na pua.

Nikaona kosa langu. Nilihesabu hewa ya kanzu. Ya kifuani mwake sikuihesabu. Dani anaogopa maji, na kila aliposhikwa shingo alivuta pumzi yote aliyoweza na kuifungia ndani.

Watu walianza kunong'ona. Pasta aliniangalia mimi, si Dani. Ilibaki mara moja. Nilienda mpaka ukingoni. Sikuwa na sentensi niliyoifanyia mazoezi.

"Dani, toa pumzi," nikasema. "Toa yote kwanza."

"Nitakufa," akasema.

"Hufi. Pasta atakuinua. Ukitoa, unazama. Nakuomba, Dani."

Alinitazama. Mwanamke ambaye moyo wake hauna hakika na kesho, nilikuwa namwambia atupe hewa aliyonayo kisha alale chini ya maji, kwa sababu ya beseni la Kiarie. Na alifanya. Alipuliza kwa midomo kama anayewasha jiko, pumzi ndefu, mpaka mabega yakashuka. Pasta akamlaza, na akaenda chini. Uso, tumbo, mikono, vidole. Maji yakafunga juu yake na hakukuwa na kitu cheupe mahali popote.

Pasta alipata shida kumwinua. Alipotoka majini uzito wote ulimrudia, mashemasi wakaruka ndani na viatu vyao. Dani alikohoa, akapangusa macho, akauliza, "Nimezama?"

"Umezama, Mama Adhiambo," akasema Mama Frankline, na alikuwa analia bila kujificha.

Mchana walikuja kwetu kwa chai, Pasta na akina mama, wakajaza sebule. Pasta alieleza jinsi Roho alivyoshuka. Sikumsahihisha, ingawa nilikuwa na mengi. Kisha Mama Frankline akavuta kiti karibu na Dani, akasema kwamba kwa desturi yao mtu akishabatizwa huchagua nyimbo zake, ili siku ya kumzika ikifika wasibahatishe.

Dani alichangamka kama msichana anayechagua kitambaa. Akataka ule wa kwanza wauimbe taratibu, wa pili kwa ngoma, na alipofika wa tatu akaomba wauanze sasa hivi asikie watakavyouimba. Wakauimba. Ulikuwa mzuri. Yeye aliketi katikati, nywele bado mbichi, akisahihisha sauti ya pili kwa kidole.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Muhula mzima nilikuwa nikipigania hili, na nimelipata, na ndipo nilipoelewa ni kitu gani nilikuwa napigania. Niliweka birika chini. Nililia mbele ya wote, mbele ya Mama Frankline na Pasta Maingi, watu niliowadharau tangu Mei, na Dani akapigapiga nafasi kando yake akiniambia, "Njoo uimbe, nyakwara. Lazima na wewe uujue."

Sasa naujua.